Kulegea si Ulaini: Datsun 240Z na Barabara za Upare

Katika Kiswahili cha gereji kuna neno moja linalotosha kulitia gari hatiani: limelegea. Gari likigonga shimoni, limelegea. Likiinama nyuma, limelegea. Likiyumba kwenye kona, likilia kama mlango mbovu, likila tairi upande mmoja, hukumu ni hiyo hiyo, na dawa inajulikana kabla fundi hajaingia uvunguni: likazwe. Zifungwe springi ngumu zaidi na shokapu ngumu zaidi, mpira wa bushi utolewe iwekwe plastiki ngumu, na chini ya springi zisukumwe spesa ili gari lipande juu. Kwa Noah ya abiria dawa hiyo huleta maumivu ambayo mwenye gari huyazoea na abiria hawaulizwi. Kwa gari la spoti la miaka ya 1970, lenye bodi nyepesi isiyo na chesisi ya kuibeba, dawa hiyo hiyo huua kile inachodai kuponya. Hoja yangu ni kwamba ndani ya neno kulegea tumefungia pamoja magonjwa kadhaa yasiyohusiana na sifa moja njema. Sifa hiyo ni ulaini, na kurejesha sasipensheni ya gari la zamani katika nchi yetu ni, kwa sehemu kubwa, kazi ya kuurudisha ulaini uliopotea, si kuufukuza uliobaki.

Barabara ndiyo shahidi wa kwanza, na ya kuzungukia Kwakoa ni shahidi mzuri. Kwakoa iko wilayani Mwanga, katika nyanda kavu za mashariki mwa Milima ya Pare Kaskazini, kuelekea Ziwa Jipe na mpaka wa Kenya. Zamani yote hiyo ilikuwa wilaya moja ya Upare pamoja na Same. Ukitoka kwenye lami ya barabara kuu iendayo Arusha, gari linakutana na mitihani mitatu ambayo si kawaida kuikuta yote katika mwendo wa siku moja. Tambarare kuna mawimbi, ile mikunjo ya vumbi na changarawe iliyojipanga kama bati. Mvua inapopita, maji yanayoshuka kutoka mlimani hukata njia na kuacha korongo ambazo dereva anaziona akiwa ameshazifikia. Na ukipanda kwenda Usangi au Ugweno kuna kona za kujikunja, upande mmoja jabali na upande mwingine hewa tupu, ambako tairi likipoteza ardhi hata kwa nusu sekunde usukani unakuwa pambo. Mtihani wa kwanza hupima shokapu, wa pili springi, wa tatu kila kiungo kinacholishika gurudumu mahali pake. Gari lililokazwa linaweza kufaulu ule wa tatu kwenye lami. Hapa linaanguka yote.

Afrika Mashariki ilikwisha kulifanyia swali hili majaribio ya hadharani, na kwa miaka mingi. Mwaka 1953 yalianzishwa mashindano ya magari kwa jina la Coronation Safari, kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Baadaye yakaitwa East African Safari. Milima ya Usambara, jirani kabisa na Pare, ilikuwa miongoni mwa sehemu zilizoogopwa na madereva, na mwaka 1972 mashindano yaliondokea Dar es Salaam. Katikati ya miaka ya 1970 yakabaki Kenya peke yake. Katika kipindi hicho orodha ya washindi inasema jambo ambalo wapenda magari ya spoti hawapendi kulisikia. Mwaka 1963 magari 84 yaliondoka na 7 tu ndiyo yaliyomaliza. Lililotangulia lilikuwa Peugeot 404, gari la baba wa familia kwenda kazini na kanisani. Peugeot 404 ilishinda tena mwaka 1966 na 1967 ikiendeshwa na Bert Shankland, Mskoti aliyekuwa akiishi Tanzania, na tena mwaka 1968, ambapo waliomaliza walikuwa saba vilevile. Mwaka 1975 na 1978 ikaja zamu ya Peugeot 504. Haya hayakuwa magari yenye nguvu kuliko yote yaliyoshindana nayo. Yalikuwa na springi laini zenye nafasi ndefu ya kupanda na kushuka, na magurudumu yake yaliifuata ardhi mahali ambapo magurudumu ya wenzao yaliiruka.

Mtu anaweza kunijibu kwamba ninachagua ushahidi unaonifaa, na atakuwa na haki kiasi. Mwaka 1972 Hannu Mikkola alishinda kwa Ford Escort RS1600, gari lenye ekseli nzima nyuma iliyokaa juu ya springi za bapa, yaani vyuma vilivyolazwa kimoja juu ya kingine kama kwenye lori. Hakuna anayeweza kuiita Escort godoro. Ushindi wa Safari ulitegemea pia dereva, mafundi waliosubiri njiani, mvua, na bahati ya kutokutana na punda usiku. Kwa hiyo sidai kwamba gari laini hushinda daima. Nadai kitu kidogo zaidi: kwamba katika mashindano yaliyojulikana duniani kote kwa kuvunja magari, ugumu wa springi haukuwa sharti la kupona, na mara nyingi kinyume chake ndicho kilichofanya kazi. Hata Porsche, kampuni ambayo jina lake limeshikamana na gari la chini, ilipoleta 911 zake mwaka 1978 iliziinua hadi zikawa na nafasi ya sentimita 28 kutoka ardhini. Moja ikashika nafasi ya pili.

Gari linalofaa zaidi kulichambua swali hili ni Datsun 240Z. Nissan waliitoa mwishoni mwa mwaka 1969: milango miwili, injini ya silinda sita zilizopangwa mstari mmoja yenye lita 2.4, boneti ndefu na uzito unaozidi tani moja kwa kidogo tu. Ni gari la spoti kwa maana halisi, na lilishinda Safari mara mbili. Mwaka 1971 waliliendesha Edgar Herrmann na Hans Schüller. Mwaka 1973 aliliendesha Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda ambaye familia yake ilikuwa imetoka tu kufukuzwa na Idi Amin mwaka uliotangulia, akiwa na Lofty Drews pembeni. Mehta na Harry Källström, naye akiwa ndani ya Datsun, walilingana adhabu, na mshindi akapatikana kwa kanuni ya kuvunja sare. Uvunguni 240Z ni gari rahisi kulisoma. Kila gurudumu lina nguzo yake yenye springi ya kujizungusha na shokapu ndani yake, na magurudumu hayaunganishwi na ekseli moja: likiingia shimoni moja, la pili halilazimiki kujua. Mbele kuna mkono mmoja wa chini unaotoka pembeni, na fimbo ndefu inayolizuia gurudumu lisirudi nyuma. Nyuma kuna mkono mpana unaobebwa na pini ndefu. Kilichobaki ni mpira. Ni sasipensheni iliyobuniwa itembee sana, na ikinyimwa mwendo huo huanza kujila yenyewe.

Sasa turudi kwenye lile neno. Gari linaposemwa kuwa limelegea, linaweza kuwa na moja kati ya mambo matatu. La kwanza ni uchakavu wa viungo: boljointi imekuwa na plei, bushi imekatika, mwisho wa tairodi unacheza. Huu ni ugonjwa usio na mjadala. Kiungo hakina budi kubadilishwa. La pili ni kuinama, gari kukaa chini kuliko zamani. La tatu ni kuyumba, gari kuendelea kudunda baada ya tuta, ambako ni kifo cha shokapu. Mambo haya matatu yana visababishi vitatu na tiba tatu, na hakuna hata moja kati yake ambalo tiba yake ni springi ngumu zaidi. Lakini kwa kuwa yote yanaitwa kulegea, na kwa kuwa kinyume cha kulegea katika lugha yetu ni kukaza, fundi na mteja wake wanakubaliana bila kusemezana kwamba tatizo ni ulaini. Lugha imefanya uchunguzi kwa niaba yao.

Chukua kuinama. Imani iliyoenea ni kwamba springi ikizeeka hulainika, kwa hiyo dawa ni ngumu zaidi. Chuma hakifanyi hivyo. Ugumu wa springi unatokana na unene wa waya wake, upana wa duara, idadi ya mizunguko, na tabia ya msingi ya chuma chenyewe ambayo miaka hamsini haiibadilishi. Springi iliyochoka imekuwa fupi, haijawa laini. Imepoteza urefu kidogo kidogo kwa kubebeshwa mzigo kupita uwezo wake, lakini ukiikandamiza kwa sentimita moja itakudai nguvu ile ile iliyodai ilipotoka kiwandani. (Kutu ni habari nyingine, maana kutu hula unene wa waya, hivyo gari lililokaa Tanga au Mombasa lichunguzwe hilo kabla ya lolote.) Maana yake ni kwamba gari lililoinama linahitaji springi yenye urefu sahihi na ugumu ule ule. Anayefunga ngumu zaidi ili kurudisha kimo ametibu ufupi kwa kuubadilisha mwili wote wa mgonjwa.

Ubaya wake unahesabika. Gari lililokaa juu ya springi zake lina mdundo wake wa asili, idadi ya mapigo kwa sekunde ambayo lingedunda kama shokapu zingeondolewa. Gari la kawaida la abiria hudunda kati ya pigo moja na pigo moja na nusu. Gari la mashindano ya lami huweza kufika mawili na zaidi. Mdundo huo una uhusiano wa moja kwa moja na kiasi ambacho springi imebonyezwa na uzito wa gari likiwa limesimama tu. Kwa pigo moja kwa sekunde ni karibu sentimita 25. Kwa pigo moja na nusu ni 11. Kwa mapigo mawili zimebaki 6. Hebu mtu azitazame namba hizo akiwa na korongo za Kwakoa akilini. Sentimita hizo ndizo akiba ya gurudumu ya kushuka: gurudumu likifika kwenye shimo, springi iliyobonyezwa hulisukuma chini lifuate ardhi, na kinachoweza kulisukuma ni kile tu kilichobonyezwa. Springi ya mapigo mawili ikikuta shimo la sentimita 10 inalifuata kwa sentimita 6, kisha gurudumu linaning'inia, halishiki kitu, mpaka uzito wa gari lenyewe uangukie ukingo wa mbele wa shimo. Ule mshindo ambao dereva anausikia, na ambao kesho utampeleka gereji kusema gari limelegea, umetengenezwa na ugumu.

Spesa haisaidii, ingawa inauzwa kama msaada. Ikisukumwa chini ya springi, gari linapanda kwa sentimita kadhaa na macho yanafurahi, lakini shokapu haijarefuka hata kidogo. Kilichoongezwa kwenye nafasi ya kupanda kimekatwa kwenye nafasi ya kushuka, na shokapu sasa inafika mwisho wake wa kurefuka na kugonga chuma kwa chuma kila tuta linapoisha. Kwenye magari yenye springi za bapa mchezo ni ule ule kwa sura nyingine: bapa tano zinazofanana zikiongezwa ya sita, ugumu unapanda kwa asilimia 20, na gari ambalo lilihitaji kuinuliwa kidogo linageuka mkokoteni. Anayetaka gari la spoti lililo juu, kama Porsche walivyotaka, anunue urefu wote pamoja: springi ndefu na shokapu ndefu, na pembe za shafti zipimwe upya. Ni ghali. Lakini nusu yake haifanyi nusu ya kazi.

Kuna njia nyingine ya mkato ambayo ni mbaya kuliko spesa, nayo ni kuichoma springi kwa moto wa gesi ili ijikunje au kujikunjua ifike kimo anachotaka mteja. Chuma cha springi kimepikwa kiwandani kwa utaratibu: kikapashwa, kikazimwa ghafla kikawa kigumu lakini chepesi kuvunjika, kisha kikapashwa tena kwa moto mdogo zaidi ili kirudishiwe ustahimilivu. Moto wa gesi, usio na kipimo, huifuta hatua hiyo ya mwisho mahali ulipogusa. Upare ni mahali pa ajabu kulisahau jambo hili. Ukoo wa Washana wa Ugweno ulijulikana kwa uhunzi vizazi vingi kabla gari la kwanza halijaonekana, na majembe na mikuki yao ilivuka hadi Uchagani. Na leo wahunzi wengi nchini wanafua mapanga kutoka kwenye springi kuukuu za magari, kwa sababu wanajua kilichomo ndani ya chuma hicho na wanajua pia kwamba makali bila ustahimilivu humrukia mtumiaji vipande usoni. Mhunzi angemshangaa fundi gari.

Mtihani wa kwanza, mawimbi ya barabara, unahusu shokapu, na hapa ndipo tajiriba ya madereva wetu na hesabu zinapopeana mkono. Kila dereva wa barabara za vumbi anajua kwamba mawimbi yanatesa zaidi kwenye mwendo wa kilomita 30 au 40 kwa saa kuliko kwenye 80, ambako gari linaonekana kama linaelea. Chukua mawimbi yaliyoachana sentimita 75. Kwa kilomita 30 kwa saa gurudumu linapigwa mara 11 kila sekunde. Gurudumu lenyewe, pamoja na breki yake na habu yake, lina mdundo wake wa asili kati ya tairi lililo chini na springi iliyo juu, nao kwa magari mengi huangukia kati ya mapigo 10 na 15. Barabara inalipiga gurudumu kwa mdundo linaoupenda. Kwa kilomita 80 mapigo yanakuwa karibu 30, gurudumu haliwezi tena kuyafuata, na tairi linarukia kilele hadi kilele. Abiria wanapumua. Ila tairi linalogusa vilele peke yake lina mshiko wa nusu na pungufu, na ndiyo sababu magari mengi huacha njia kwenye kona laini ya tambarare, mahali ambapo hapakuwa na cha kuogopesha.

Kazi yote ya kuzuia mapigo hayo kumi na moja ni ya shokapu, na shokapu haina mahali pa kuyapeleka isipokuwa kuyageuza joto. Mafuta yake yanachemka, yanakuwa mepesi, yanachanganyika na hewa na kufanya povu. Povu halimzuii mtu. Baada ya nusu saa gari lililoondoka Mwanga likiwa zima linafika likidunda kama mpira, na jioni, shokapu ikishapoa, inaonekana nzima tena. Dawa iliyoenea ni shokapu ngumu zaidi, yaani ile inayotengeneza joto jingi zaidi kwa kila wimbi. Dawa sahihi ilikwisha kupatikana Ufaransa miaka ya 1950, pale Christian Bourcier de Carbon alipotenganisha mafuta na hewa kwa pistoni inayoelea na kuyakandamiza mafuta kwa gesi yenye shinikizo kubwa ili yasiweze kufanya povu; Bilstein wa Ujerumani wakaziingiza shokapu za namna hiyo kwenye magari ya Mercedes-Benz mwaka 1957. Kwa 240Z kuna jambo dogo zaidi, la bei ya soda, ambalo mafundi wengi huliruka. Shokapu yake ya kisasa huingia kama katriji ndani ya bomba la nguzo ya zamani, na kati ya katriji na bomba hubaki nafasi. Nafasi hiyo hujazwa mafuta kidogo kabla ya kufunga nati ya juu, ili joto lipate njia ya kutoka kwenda kwenye bomba na kupozwa na upepo. Ikiachwa na hewa tupu, katriji ya gharama kubwa inajipika ndani ya chupa.

Ushahidi ulio wazi kuliko wote, hata hivyo, uko kwenye mpira. Bushi za plastiki ngumu, zile za rangi nyekundu au ya njano, zinasifiwa kwamba hazifi na zinalifanya gari lijibu usukani papo hapo. Kwenye viungo vingine sifa hizo ni za kweli. Lakini ichukue ile fimbo ya mbele ya 240Z inayolizuia gurudumu lisirudi nyuma. Gurudumu linapopanda na kushuka, ncha ya fimbo huchora upinde, na mzizi wake, uliobanwa kwenye bodi kati ya bushi mbili, lazima uruhusiwe kuinama. Mpira unaruhusu. Plastiki ngumu inakataa, na kwa kuwa mwendo hauwezi kupotea hewani, fimbo yenyewe ndiyo inayokunjwa, kidogo sana, mara elfu nyingi, shingoni penye nyuzi za nati. Wamiliki wa 240Z duniani kote wanaujua mwisho wa hadithi hiyo: fimbo hukatika, mara nyingi wakati wa kufunga breki, na gurudumu hurudi kwenye bodi. Ndiyo maana wengi hubakiza mpira angalau upande mmoja wa kiungo hicho. Sehemu iliyoonekana dhaifu kuliko zote, kipande cha mpira cha shilingi chache, ndiyo iliyokuwa ikikilinda chuma.

Hapo linaingia pingamizi la watu wa makumbusho, ambalo ni zito kuliko la mafundi. Wao husema: kama unataka ulaini wa kiwandani, basi acha vitu vya kiwandani mahali pake; gari la kihistoria ni nyaraka, na nyaraka haihaririwi. Shirikisho la kimataifa la magari ya zamani, FIVA, lina Mkataba wa Turin unaohimiza hasa hili: hifadhi kwanza, ingilia kidogo iwezekanavyo, na kila badiliko liandikwe na liweze kuondolewa. Nayakubali yote. Ila bushi ya mpira iliyotengenezwa mwaka 1971 na ikadumu hadi leo imekauka na kuwa ngumu kama kwato. Bado ina umbo la awali na namba ya kiwandani, na imepoteza kitu pekee ilichotengenezewa. Anayeibakiza kwa jina la uhalisi amehifadhi maiti ya ulaini na kuizika ndani ya gari linalotembea. Kwa gari lisilotoka tena ukumbini, sawa, likae hivyo. Kwa gari litakaloendeshwa, kilichostahili kuhifadhiwa ni tabia: kimo, mwendo wa gurudumu, utiifu wa mpira. Nissan wenyewe, waliolitunza nchini Japani gari lililoshinda mwaka 1971, mwaka 2013 walilirejesha hadi likaweza kutembea tena. Na historia ya gari hilo inaongeza utata mtamu, kwani magari ya Safari hayakuja Afrika Mashariki jinsi yalivyouzwa dukani. Yaliandaliwa kwa ajili ya barabara zetu. Kwa gari la namna hiyo, kulirudisha kwenye kipimo cha muuza magari wa Tokyo kungekuwa ndiko kuihariri nyaraka. Magari yanayorudi siku hizi kwenye Safari Classic, iliyoanza mwaka 2003 na kupita Kenya na mara kwa mara Tanzania, yamekwenda mbali zaidi ya pale, na mengi yana shokapu ambazo Herrmann hakuziota. Hayo ni mashindano, siyaiti kurejesha.

Pingamizi la lami nalo lina haki yake. Barabara kuu kupitia Same na Mwanga ni ya lami, na gari laini likipelekwa kasi kwenye kona linalala upande. Ni kweli, ila kulala upande kuna dawa yake tofauti na springi. Ile fimbo ya kuunganisha gurudumu la kushoto na la kulia, stabilaiza, huamka pale tu upande mmoja unapopanda kuliko mwingine; magurudumu yote mawili yakipanda tuta pamoja inalala. Anayetaka utulivu wa kona aongeze unene wa stabilaiza kwa kiasi, akijua kwamba kwenye korongo la mshazari itamnyang'anya sehemu ya uhuru wa magurudumu, na kwa hiyo asiongeze sana. Wanaosema gari laini litabamiza chini na kupasua bodi nao wajibiwe hivyo hivyo: kuna mipira ya kikomo juu ya kila shokapu, inayotakiwa kuanza kuminywa taratibu kabla mwendo haujaisha. Kwenye magari mengi ya umri huu imeshasagika ikawa unga, na hakuna aliyeitafuta, kwa sababu kilichotafutwa kilikuwa springi.

Limebaki la fedha, na hili nalichukulia kwa uzito kuliko mengine, maana spea za 240Z haziuzwi Same mjini na nyingi zitavuka bahari. Lakini gharama ni hoja ya upande wangu. Mpangilio uliozoeleka huanza na springi na shokapu za fahari na kuishia na bushi kama pesa imebaki. Ukigeuza mpangilio, seti ya mpira, boljointi na ncha za tairodi huja kwanza, kisha shokapu za kiwango cha kati, na springi mara nyingi hazihitaji kuguswa isipokuwa kwa kupimwa urefu. Shida ya kweli ni kazi ya mikono, hasa zile pini ndefu za mikono ya nyuma. Miaka na miaka bila grisi, kutu huzishika ndani ya nguzo mpaka zikawa kitu kimoja nayo, na nyundo huvuruga nyuzi za ncha yake kabla pini haijasogea hata milimita. Wanaojua huipaka mafuta ya kupenya siku kadhaa kabla, hupasha moto nguzo wala si pini, na huitoa kwa kuivuta kwa kifaa cha kukaza badala ya kuipiga. Siku nzima inaweza kuishia kwenye pini moja. Mteja asiyeliona hilo atadhani ameibiwa.

Na kazi hiyo yote inaweza kuharibiwa katika dakika kumi za mwisho. Bushi ya mpira iliyobanwa kati ya vyuma viwili haizunguki. Inajisokota, na inajisokota kutoka pale ilipokuwa wakati bolti ilipokazwa. Fundi akikaza bolti za mikono gari likiwa juu ya jeki na magurudumu yakining'inia, mpira unafungwa katika mkao wa kuning'inia, na gari likishushwa unakuwa umeshasokotwa hadi karibu na mwisho wake hata kabla ya shimo la kwanza. Utapasuka ndani ya miezi, na mteja atarudi akisema zile bushi za mpira alizoshauriwa zimelegea, awekewe ngumu. Bolti hizo hufungwa kwa vidole tu gari likiwa juu. Kisha gari hushushwa, husukumwa mbele na nyuma mara kadhaa ili magurudumu yatafute upana wake, hubonyezwa kila kona, tangi likiwa na petroli na mtu mzima ameketi kwenye kiti cha dereva. Hapo ndipo fundi anapolala tena chini, spana mkononi, na kukaza.